Nilimpa Mama Vidonge, Nikamnyima Ndagala

Kosa ni langu, naanza na hilo ili msije mkanionea huruma bure. Aliyenisaliti yupo na nitamsema, lakini mkono uliomlisha mama yangu sumu ni huu ninaoandikia.

Mimi ni wa huku Nyarusange, Gitega, Burundi, ila nimekulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi. Wenzangu tuliorudi mnajua ugonjwa wetu. Kitu kikitoka Tanzania tunakiamini kabla hatujakifungua! Na mtu akiongea Kiswahili cha kule, basi huyo ni ndugu.

Ndivyo alivyonipata Yusta. Si jina lake, lakini akisoma atajijua. Tulikua pamoja kambini. Mama yake alipougua, mama yangu ndiye aliyempikia Yusta uji, akamlaza kwenye mkeka wetu, akamsuka nywele. Tuliporudi Burundi wao wakaenda Muyinga, na Yusta akawa anafanya biashara ya bidhaa za kutoka mpakani.

Mama alipoanza kulalamika magoti na mgongo, nikampigia Yusta.

"Shoga, mbona umechelewa kuniambia?" akasema. "Nina dawa ya mifupa kutoka kule kwetu. Mzee atasahau kama alishawahi kuumwa."

Kule kwetu! Neno hilo tu likanimaliza.

Akatuma vidonge kwenye kifuko cha nailoni kisicho na jina. Akaniambia mama akivitumia hivyo hana haja ya kuhangaika na chakula, akae tu, apumzike.

Na kweli, jamani, maumivu yakaisha! Mama akalala usingizi, akala kwa hamu, uso ukajaa. Watu kanisani wakanisifu eti namtunza mzazi, anang'aa. Nami nikavimba kichwa.

Nikamkataza kushika jembe, maana niliona aibu watu waseme namlimisha mzee. Kanisani, ambako alikuwa akipanda mlima kwa miguu yake, nikawa namkodia pikipiki. Maziwa ya ng'ombe wetu nikayapeleka yote sokoni. Ndagala, vile visamaki vikavu anavyovipenda kuliko nyama, nikaacha kununua kwa sababu vilinukisha nyumba nzima.

Mama akawa ananiomba. "Mwana wanje, mwanangu, hata kidogo tu cha kuonja." Namwambia, "Mama, wewe una dawa."

Wifi yangu, ambaye hakuwahi kutoka Burundi, akanisema siku moja: "We, mama iko anaomba ndagala, unamupa kidonge. Mi siipende hii mambo. Alors, tumbo yake iko ya dawa tu?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia yeye hajatembea, hajui kitu. Mungu anisamehe.

Basi asubuhi moja kuku akaingia jikoni. Mama akainuka kwenye kigoda, akageuka kumfukuza. Kugeuka tu! Nikasikia mlio kama ukuni mkavu umevunjwa, mama akaenda chini.

Nyonga. Wanaume wa mlimani kwetu wakambeba kwenye ngobyi, machela yetu ya kusuka, hadi barabarani. Njia nzima alikuwa ananiita, na mimi nalia tu.

Hospitalini Gitega mjini daktari akamtazama uso, akauliza anatumia nini. Nikatoa kifuko. Akakifungua, akavitazama.

"Hivi vinazima maumivu na kunenepesha uso," akasema. "Lakini mtu akivila muda mrefu bila kupimwa, vinamomonyoa mifupa. Na usimwachishe ghafla, utamuua. Tutavipunguza sisi."

Ewe Mana, Mungu wangu! Nilimla mama yangu mifupa huku nasifiwa!

Nilikwenda Muyinga nikiwa na moja tu moyoni: Yusta hakujua, naye kadanganywa. Niliomba iwe hivyo. Nilimtaka bado awe ndugu yangu.

Sikumkuta. Nilimkuta mama yake anatoka shambani na jembe begani, mzee wa rika la mama yangu, anatembea wima. Akanikumbatia, akanikaribisha maziwa, akakaa juani kuchambua ndagala za mchana.

Nikamuuliza, "Mama, na wewe unatumia vile vidonge vya mifupa?"

Akacheka. "Vile vya biashara? Aa, Yusta alinikataza hata kuvigusa. Anasema vinaharibu watu."

Niliweka kikombe chini, nikakaa kumsubiri Yusta.

Yusta alipofika nilimlilia mbele ya mama yake. Mnajua alichosema? "Si maumivu yaliisha? Wewe mwenyewe ulinipigia simu kushukuru." Akaingia ndani kubadili viatu. Mtoto aliyekula uji wa mama yangu!

Nimeumia, tena sana. Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba nilimpigia kweli kushukuru.

Sasa namtoa mama nje kila asubuhi apate jua. Ndagala nazisaga pamoja na miiba yake, nazichanganya na lengalenga, mchicha wetu, na maziwa ya kwanza ni yake. Daktari anamfundisha kusimama na mikongojo. Kutembea kama zamani, kasema tusitegemee.

Wageni wakija kumwona wanamuuliza imekuwaje. Mama anasema, "Niliteleza." Hivyo tu, halafu ananitazama nisiongee. Heri angenitukana!

Hakuteleza, ndugu zangu. Ndiyo maana naandika.

Wapeni wazee wenu chakula, waacheni watembee, waacheni walime kidogo wakitaka. Na mtu akikuletea dawa isiyo na jina, usiridhike na nchi ilikotoka kama nilivyoridhika mimi. Muulize kama mama yake anaimeza.