Kanzu za Jora Moja

Baba alikuwa fundi cherehani, na duka letu lilikuwa Fordsburg, Johannesburg, juu ya duka la viungo. Kila Idi alitushonea kanzu sisi wanawe watatu kutoka jora moja, ili tukisimama kwenye safu ya swala watu wajue hawa ni ndugu. Mtoto wake wa nne, asiyeshonewa, ndiye aliyezipiga pasi kanzu hizo. Na huyo ndiye mkubwa wetu kwa umri. Baba alimzaa Buyenzi, kule Bujumbura, kabla hajamwoa mama yetu, na mwanamke aliyemzalia hakumwoa. Alipotufuata Johannesburg alipewa kachumba ka uani, nyumbani kwetu Turffontein. Mama hakutaka hata kumsikia akitajwa. Mteja akiuliza, "Na huyu ni mwanao, mzee?" mimi ndiye niliyewahi kujibu: "Aa, huyo fundi wetu tu." Wallahi nilimtangulia baba mwenyewe. Baba alikohoa, akaendelea kukata kitambaa.

Mwaka uliofuata Kombe la Dunia baba akapooza upande mmoja. Sisi watatu tulikuwa na shughuli, ndivyo tulivyosema. Jumapili tulileta machungwa, tukakaa kidogo, tukaondoka. Aliyemgeuza kitandani, aliyemwosha, aliyemlisha uji ni yule yule wa uani. Na bado, bila haya, tulimuuliza, "Fundi, mzee kanywa dawa?"

Baba alipofariki, kabla hajaswaliwa, nilisimama mbele ya jeneza kama ilivyo desturi, nikasema, "Kama marehemu alimkosea yeyote, tunaomba amsamehe." Watu wakaitikia, "Tumemsamehe!" Yule wa uani alikuwa nyuma kabisa, karibu na viatu mlangoni, mdomo kaufumba. Nikarudia huku namtazama. Watu wakaitikia tena, yeye kimya. Sisi tunaamini kwamba haki ya mja Mungu haisamehe mpaka mwenyewe aisamehe. Nikamzika baba yangu nikijua mzee kaenda na mzigo.

Jioni nikamfuata uani.

"Kaka," nikamwita. Sikuwahi kumwita hivyo. "Nakuomba, msamehe mzee."

"Mzee nilishamsamehe. Aliniomba mwenyewe siku moja namwosha. Akalia, nami nikalia."

"Sasa mbona leo ulinyamaza?"

"Nilikuwa nangoja na nyinyi muombe ya kwenu."

Eish! Hapo palikuwa pa kusema neno moja tu. Mimi, mjinga, nikamuuliza, "Kwani unataka nini?"

Akacheka kidogo. "Hata leo unaniuliza kana kwamba mimi ni mteja," akasema, akaingia ndani.

Idi ilipokaribia nikanunua jora, nikakata na kushona kanzu nne kama alivyonifunza baba. Vipimo vyetu watatu ninavyo kichwani. Vya kwake sikuwa navyo. Miaka yote ile, duka zima la mafundi, hakuna aliyewahi kumpitishia futi mabegani! Nami nikaona aibu kumwita nimpime, nikakadiria kwa macho.

Asubuhi ya Idi akaivaa. Mikono iliishia katikati ya kigasha, na mabegani ilimbana hata kuinua mikono kwa takbira ikawa taabu. Nilitamani ardhi inimeze.

"Ivue, nitakushonea nyingine," nikamnong'oneza.

"Iache. Waione."

Akasimama kwenye safu kati yangu na mdogo wetu, jora moja sote, na kila aliyepita alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi. Tuliporukuu nikasikia mshono wa mgongoni mwake unaachia. Sijui niliswali nini siku ile. Najua tu kwamba tulipotoa salamu, nilipomgeukia, neno nililoshindwa kulisema uani lilinitoka lenyewe.

"Kaka, nisamehe."

Alinigeuzia mshono uliofumuka. "Kwanza nipime," akasema.