Fronika wa Lindenbach, Dada Aliyetengwa Mezani

Alizaliwa mwaka 1709 huko Palatinati, nchi ya Wajerumani, binti wa mfumaji wa kitani. Alifika Pensilvania akiwa yatima, maana homa ya melini iliwachukua wazazi wake wote wawili. Akaolewa na Yost Zug, fundi mapipa, mtu mpole sana. Ndugu wa Lindenbach, kanisa letu dogo la huko Pensilvania, walimbatiza mwezi wa Januari. Barafu ya kijito ilipasuliwa kwa shoka, akapiga magoti majini, akazamishwa mara tatu kifudifudi kama ilivyo desturi yetu. Alitoka akicheka.

Wito wake ulikuja mwaka 1741, katikati ya ibada. Alisimama akahubiri, na kwetu mwanamke hahubiri.

"Dada Fronika, kaa chini," Mzee Jorg Bucher, kiongozi wa kanisa, alimwambia.

"Nitakaa, Mzee, nikimaliza."

Hakumaliza upesi. Wakamtenga. Aliyetengwa haruhusiwi kula meza moja na mtu, hata na mumewe. Kwa miaka miwili Yost alikula mezani na Fronika akala kwenye kigoda kando ya jiko. Alitamani mno kurudi, na mlango ulikuwa wazi kama angetubu, lakini alisema hawezi kutubia alichopewa na Mungu.

"Supu haina chumvi," Yost alisema siku moja, amempa mgongo.

"Lia kidogo, mume wangu, itakolea."

Ikafika karamu ya upendo ya mwaka 1743. Kwetu hakuna anayegusa chakula cha karamu hiyo kabla waliokosana hawajapatana na kuoshana miguu. Ottilia, mke wa Mzee Bucher, alivua viatu, akamkataa kila dada aliyemjia na beseni.

"Nilimsengenya Fronika kisimani. Ataniosha yeye."

"Ametengwa," mumewe akasema.

"Basi leo hatuli."

Supu ya kondoo ikapoa, mafuta yakaganda juu. Watoto wakalia njaa. Watu wakamtazama Mzee.

"Mwiteni," akasema mwishowe.

"Na toba yake?" mmoja akauliza.

"Toba ni yangu. Mwiteni kabla sijabadili nia."

Fronika akaja na unga mikononi, akapiga magoti, akamwosha Ottilia, wakabusiana.

"Haya, sema ulichopewa," Mzee akamwambia.

Fronika akamwona Yost amesogea kumpa nafasi mezani. "Kwanza tule, Mzee."

Akina mama wa siku ile waliapa kwamba supu ilikuwa ya moto, wala hakuna aliyeipasha. Baada ya kula alihubiri, na aliendelea kuhubiri mpaka alipofariki, mwaka 1770, Yost amemshika mkono. Tangu karamu ile, mzee wa Lindenbach hutoka kwanza mlangoni kutazama nani ameachwa nje, na chakula husubiri. Nawe ukiketi kula, fanya hivyo.