Huyo Sopheap ni Nani

Kaka yangu Victor ni soja wa kulinda supamaketi moja hapa Thornton Heath, huku ng'ambo, na hiyo kazi imemwingia mpaka kwa damu. Ukifungua friji, anageuka. Ukicheka na simu, anataka kujua nani amekuchekesha. Tunaishi wawili kwa fleti moja, kwa hivyo mshukiwa wake wa kila siku ni mimi, na nimezoea. Lakini mwaka huu alipata kesi kubwa kuliko mimi, na mimi nilikuwa hapo kwa sofa kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hivyo wacha niwape yote.

Victor anapenda dada mmoja anaitwa Anne-Marie. Ni Mkongomani wa Bukavu, anasafisha maofisi huko mjini alfajiri, akicheka majirani wanajua, na kusema ukweli nampenda kuliko ninavyompenda Victor. Walikuwa wamepanga Jumamosi moja ya Machi. Siku hiyo wazee wetu wangeenda Woolwich kwa Norbert, kaka mkubwa wa Anne-Marie ambaye yeye humwita Yaya, kujitambulisha, na Anko Njenga ndiye angeongoza. Bila hiyo siku hakuna mahari, hakuna harusi, hakuna kitu.

Sasa siku moja Anne-Marie amekuja kwetu, anakula chapati zangu, akasema tu hivi, kama mtu anaongea juu ya mvua:

"Niko naenda kutembea na Sopheap. Phnom Penh, kule Kambodia. Tutarudi mbele ya ile Jumamosi."

Hapa lazima nisimame kidogo. Sisi Wakenya ukituambia unatembea na mtu, hatufikirii miguu. Tunafikiria mapenzi. Kwao Kongo, kutembea ni kusafiri, kwenda kuona mahali. Mimi najua kwa sababu ya video zao ninazotazama kila saa. Victor hakujua. Niliona chapati yake ikisimama njiani, haijafika mdomoni.

Akauliza Sopheap ni nani. Anne-Marie akashangaa, akasema si ni mwenzake wa kazi, yule anamletea supu. Victor akauliza kwa nini huyo mwenzake asiende peke yake. Anne-Marie akaweka chapati chini, akatueleza polepole. Sopheap alikuwa mtoto wakati wapiganaji waliingia Phnom Penh, mwaka wa sabini na tano, wakafukuza watu wote mjini. Mji mzima. Hata wagonjwa walitolewa hospitalini, wakasukumwa barabarani waende mashambani. Baba yake alikuwa mwalimu. Alichukuliwa, hakuonekana tena. Huko kuna shule iligeuzwa gereza, na sasa ni makumbusho, kuta zimejaa picha za waliofungwa pale. Sopheap alitaka kwenda kuangalia kama sura ya baba iko, na aliogopa kuangalia peke yake.

Anne-Marie na yeye ana watu wake wa Bukavu waliopotea kwa vita na hawakupatikana. Kwa hivyo mimi nilimwongezea chapati. Victor alimtazama kama mtu anayesoma kamera za duka.

Anne-Marie alipoondoka tu, Victor akaanza. "Mwanaume mzima anaogopa picha?"

Na mimi sikushangaa, kwa sababu kichwani nilikuwa nimeshamchora Sopheap: mrefu, mpole, ameshika supu.

Usiku huohuo Victor akampigia Anko Njenga, akamwambia wazee wangoje kwanza. Njenga akauliza wangoje nini. Victor akasema uchunguzi unaendelea. Kwa Anne-Marie hakusema neno. Akampeleka mpaka uwanja wa ndege, lakini Sopheap alikuwa ameshapita ndani, na hiyo pia ikaandikwa kwa kesi.

Alafu picha zikaanza kuingia WhatsApp. Jamani, mimi nilifurahi! Anne-Marie kando ya mto. Anne-Marie mbele ya jumba la mfalme, paa zake zimechongoka kama moto. Anne-Marie sokoni na tunda lina manyoya. Mimi natuma mioyo, Victor ananinyang'anya simu.

"Nani anapiga hizi picha?"

Nikamwambia labda mtu wa njia. Akasema mtu wa njia hawezi kukupiga picha vizuri hivyo, hiyo ni picha ya mtu anakujua. Akavuta moja kwa vidole mpaka ikawa vumbi tu, akanionyesha kivuli chini, miguuni pa Anne-Marie. Kivuli kina kofia pana. Victor akasema hiyo ni kofia ya kiume. Nikamuuliza kofia ya kike inakuwa na kivuli gani. Akaniambia nisimletee mchezo.

Siku ya makumbusho hakukuwa na picha hata moja. Alfajiri kimya, asubuhi kimya. Victor alikuwa na shifti lakini akabadilishana na mwenzake, akakaa kwa sofa na buti zake, simu kwa goti. Ilipoita ilikuwa yangu. Video. Victor akanipungia mkono: shika, uliza, lakini usiseme niko hapa.

Anne-Marie alikuwa amekaa kwa benchi, nyuma yake mti wa maua meupe na jengo refu la shule. Macho mekundu. Nilishtuka, na mimi nikishtuka Kiingereza ndicho hutoka kwanza.

"Is he OK?" nikasema. "Did he find his dad?"

Anne-Marie akanitazama.

"He nani?"

"Sopheap."

Hapo ndipo niliona kazi Kiswahili ilikuwa imetufanyia. Miezi yote Anne-Marie anasema yeye, amekuja, ameleta, anaogopa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza yeye gani, wa kiume ama wa kike.

"He," akarudia. Alafu: "Victor iko hapo?"

Hakungoja nijibu. Akageuza simu. Kando yake kulikuwa na mama mmoja mfupi wa karibu miaka sitini, kofia pana kwa mapaja, anafuta miwani yake na kona ya blauzi. Akatupungia mkono. Baba hakumpata. Alikuwa ameangalia sura zote.

Victor akaingia kwa picha kama soja aliyeshikwa akiiba na soja mwenzake. Anne-Marie hakupiga kelele.

"Niko hapa tangu asubuhi nasoma," akasema. "Hawa batu walikuwa wanapigwa mpaka wataje majina. Jirani, ndugu, mwenye wanafanya naye kazi. Hao nao wanaletwa, wanataja wengine. Mtu alikuwa anashukiwa tu, basi, amekwisha. Sisemi weye ni kama hao, chéri. Lakini juu ya nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza ni nani."

"Nikakujibu. Ile ingine uliogopa kuuliza."

Victor akamwambia pia vile alimwambia Anko Njenga wazee wangoje, kwa sababu angejua tu. Anne-Marie akasema wazee waje, Jumamosi ile ile. Yeye atasema nini siku hiyo, hamwambii.

Mnajua desturi. Wageni wakishakaa, msichana anaitwa, anaulizwa kama anawajua hao watu. Akisema hawajui, mnachukua makoti yenu. Victor hakulala wiki nzima. Njiani kwenda Woolwich Anko Njenga alimuuliza uchunguzi ulifika wapi, akajibiwa umefungwa.

Norbert alitupokea akiwa na suti. Upande wa kina Anne-Marie, pale mama yake angekaa kama angekuwa hai, alikaa Sopheap, amevaa kitenge walichomshonea, anamwangalia Victor kutoka viatu mpaka nywele. Anne-Marie akaitwa.

"Unamjua huyu muntu?" Norbert akauliza.

Akamtazama Victor. Nilikuwa nimeshika mkono wa Anko Njenga bila kujua.

"Yaya Norbert, namjua kidogo," akasema. "Akae, tukule. Mambo ya mahari ingoje mpaka anijue na yeye."

Njenga akanigeukia aniulize kama hiyo ni ndiyo ama hapana. Sombe ya majani ya muhogo ikaletwa, samaki ikaletwa, watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Victor akabaki na sahani yake magotini. Alafu akasogeza kiti, akamwinamia Sopheap, akamuuliza baba yake alikuwa anaitwa nani.