Siku Niliyomdai Hamisi Simu Yake

Jamani, hili jambo sijawahi kulisimulia lote, hata binti yangu Neema nilimwambia nusu tu, maana ile nusu nyingine masikio bado yanapata moto nikiikumbuka.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi peke yangu hapa Mbulu mjini tangu mama yake Neema alipofariki, na Neema yuko Mwanza, ndiye aliyenifungia ruta ya intaneti ili Jumapili tuwe tunaonana kwenye simu. Namba ya siri niliwagawia majirani mwenyewe (wala hakuna aliyeiomba), kwa hiyo jioni wanakaa kibarazani kwangu, Mama Safari fundi cherehani na wenzake, wananisalimia, halafu wanainamia simu zao.

Jumapili hiyo Neema akawa anakatikakatika, uso umeganda mdomo wazi. "Baba, mtandao umeelemewa," akasema, "angalia waliojiunga, uwafungie." Akanielekeza pa kubonyeza, kisha akapotea kabisa.

Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta nikakuta vifaa saba, na mimi nina simu moja! Ukiacha hiyo yangu, vitano vilikuwa na majina ya simu, nikavifungia kimoja kimoja, nikamsikia Mama Safari huko nje anasema, "Imekata," wakasubiri kidogo, wakaaga, wakaenda zao. Kikabaki kimoja kisicho na jina, herufi na tarakimu tu, kinavuta mtandao kama ng'ombe aliyefika kisimani. Hicho nikakiacha makusudi, nimkamate mwenyewe, na nilishaamua ni nani: Hamisi, ambaye duka lake na nyumba yangu vinapakana ukuta.

Nikatoka na simu mkononi. Dukani kulikuwa na wateja wanne, na Rukia, binti wa Hamisi aliyekuwa likizo kutoka chuoni, akanisalimia, "Shikamoo mwalimu." Sikuitikia (mimi, niliyechapa watoto miaka yote kwa kutosalimia wakubwa!). Nikasema kwa sauti, "Hamisi, toa simu yako tumjue anayekula mtandao wangu."

Hamisi akanitazama, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitochi, simu ya vitufe isiyojua intaneti, kimefungwa kwa mpira. "Hii?"

Duka zima likacheka, na badala ya kuomba radhi nikasema, "Basi ni ya binti yako!"

Kicheko kikakatika. Rukia akaweka simu yake mezani, nikaona mwenyewe kwamba anatumia bando lake, kisha akasema taratibu, "Mwalimu, labda ni kitu cha humo ndani kwako. Twende tukaangalie."

Tukaenda, yeye, baba yake na wateja wote wanne (nani angekubali kubaki?). Kufungua mlango, televisheni yangu ya intaneti inawaka, watu wawili wanabishana kuhusu kilimo cha vitunguu saumu. Rukia akachomoa waya, na kwenye simu yangu kile kifaa kisicho na jina kikapotea.

"Unaiacha inawaka na wewe haupo?" Hamisi akauliza.

Ningeweza kusema nimesahau tu. Lakini mdomo ukatangulia: "Huwa siizimi. Nataka nikirudi nikute watu wanaongea."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Wakatoka mmoja mmoja wakitazama chini, Hamisi akanishika bega.

Kesho yake niliwaomba radhi yeye na Rukia palepale dukani, mbele za watu, Hamisi akasema yameisha, na kweli ananihudumia kama zamani, ila kwa upole fulani unaoniuma kuliko matusi. Majirani nao nimewafungulia wote, na Mama Safari nimemwambia mara tatu, kila mara anajibu, "Asante mwalimu, siku hizi nanunua bando." Ni kweli walikuwa wananisalimia tu na kuinama, lakini walikuwa watu watano, kila jioni, na nilikuwa nasikia wakikohoa na kucheka.

Sasa sitamfungia mtu tena kabla sijamwita kwa jina na kumuuliza. Na nikihisi naibiwa, nitaanza kupekua nyumbani kwangu, peke yangu, mlango ukiwa umefungwa.