Mdogo Wangu wa Zamu ya Mchana

Nilipoanza kazi katika ile nyumba ya La Rochelle, kusini mwa Johannesburg, mwaka 2015, nilikuwa sijawahi kukaa mahali pamoja zaidi ya miezi minane. Shule niliiacha darasa la sita huko Kigoma. Sikuichukia; ni vile tu barabara iliyopita nyuma ya darasa ilinivuta kuliko ubao. Nimeuza vitenge Mpulungu, nimeosha vyombo Lusaka na Harare, na hapa Johannesburg nilikuwa nimeshalinda duka la nguo Hillbrow, chini ya jengo ambalo lifti yake sikuwahi kuiona ikipanda. Nikichoka na kazi, nilikuwa nafunga begi. Sikujua namna nyingine ya kuchoka.

Nyumba ile ilikuwa makazi ya wanawake saba waliotoka katika wodi za wagonjwa wa akili, ambao kwao hawakuwa tayari kuwapokea, au hawakuwa na kwao. Madirisha yalikuwa na nondo, kama nyumba zote za mtaa ule. Geti lilifungwa, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa mwenye zamu. Muuguzi mkuu alikuwa mama wa Kikenya, mtu mzima, tuliyemwita Sista kama wauguzi wote wanavyoitwa huku. Aliniajiri bila cheti chochote kwa sababu alitaka mtu wa Kiswahili atakayekaa na mteja mmoja. Mteja ndilo neno lao. Neno mgonjwa Sista hakulipenda.

Mteja huyo alikuwa Mkongo wa Bukavu, wa miaka thelathini hivi, msusi ambaye zamani alikuwa na kiti chake kwenye saluni ya mjini. Akikasirika, Kiingereza chote kilimtoka kichwani na alibaki na Kiswahili tu, na ghadhabu ya Kiswahili haikuwa na wa kuijibu pale ndani isipokuwa Sista, aliyekuwa na wengine sita.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Siku ya kwanza nikamuuliza Sista huyu dada anaumwa nini hasa, maana nilimwona anacheka, anapika, anakumbuka siku ya kuzaliwa ya kila mtu. Sista akaniambia ni tatizo la haiba, kwamba si homa inayokuja na kuondoka, ni jinsi mtu alivyojengeka kuwahisi watu wengine. Nikamwambia sijaelewa.

"Wewe na mimi," akasema, "mtu akitoka humu tunajua yuko jikoni. Yeye akiona umetoka, anajua umemtupa. Sasa atafanya chochote asitupwe. Na hicho chochote ndicho kinafukuza watu."

Kisha akanipa utaratibu. Jibu alilopewa saa tatu na mmoja wetu ndilo atakalopewa saa tisa na mwingine, hata akilia. Hakuna zawadi, hakuna namba ya simu, hakuna siri. Hakuna kumwahidi kitu ambacho huna uhakika nacho. "Leo atakuita malaika, kesho shetani. Siku zote mbili unaingia saa moja asubuhi na unatoka saa kumi jioni." Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimeyakariri tu.

Kosa langu lilianza na salamu. Nilimwamkia kwa Kiswahili, akaniuliza kwetu ni wapi, nikasema Kigoma, akapiga makofi. Ziwa letu na ziwa lao, akasema, ni majirani. Kabla ya chai ya saa nne nilikuwa nimeshakuwa dada yake. Watu wetu tunajua jinsi mambo hayo yanavyokwenda ugenini: mtu anayeelewa lugha yako si mgeni tena, na ukishaitikia "dada" umeitikia na yote yanayokuja nayo. Huwezi kumwambia mdogo wako kwamba unatoka saa kumi.

Kosa la pili lilikuwa kichwa changu. Nywele zangu zilikuwa aibu, na yeye mikono ilikuwa inamuwasha kwa kukosa kazi. Jumapili moja, Sista akiwa na mapumziko yake, nilikaa chini kwenye baraza, mgongo kati ya magoti yake, nikampa kichwa. Alisuka vizuri mno, mistari myembamba isiyovuta. Mtu aliye na kichwa chako mapajani huwezi kuwa mlinzi wake. Ukigeuka anakwambia tulia, nawe unatulia. Nilimsimulia mambo ambayo sijamsimulia mtu: mama yangu, mtoto niliyempoteza Lusaka, begi langu lililo tayari siku zote nyuma ya mlango. Yeye alinisimulia waume wawili na kanisa lililomfukuza. Alikuwa na ulimi. Mpishi wetu, mama wa Kizulu mwenye moyo mzuri na chumvi nyingi, alimwita "mama ya bahari". Wahudumu wengine hakuwataja hata kwa majina.

"Dada, bale bote ni bule," alisema akivuta kitana. "Weye tu njo muntu."

Wale wote bure, mimi tu ndiye mtu: niliona fahari, na sitaificha. Hakuna mahali nilipokuwa nimekaa muda wa kutosha kuitwa mtu.

Sista alipouliza nimesukwa wapi, nilisema saluni ya Rosettenville.

Jumapili ya pili tuliyorudia aliacha katikati. Upande wa kushoto ulikuwa umekwisha, wa kulia umesimama kama kichaka. Nikauliza vipi. Akasema mikono imechoka, nusu ingine kesho. Kesho yake ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nilirudi Turffontein nilikopanga chumba, kilemba kikanivuka kwenye upepo wa kituo cha teksi, na jirani yangu anayeuza viatu akaniuliza mbele za watu, "Dada, umeme ulikatika msusi akiwa katikati?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Asubuhi nilikuwa getini La Rochelle kwenye siku yangu ya mapumziko. Ikawa hivyo na siku ya mapumziko iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Kichwa kilipokwisha, ilikuwa ni ndoto mbaya lazima anisimulie. Kisha ni jino. Kisha alikuwa ananiuliza kila saa nitatoka saa ngapi, na nikimwambia saa kumi anageukia ukuta, na mimi, badala ya kuondoka saa kumi, natoka saa kumi na moja, saa kumi na mbili, nikitembea kwa vidole kama mwizi. Kila dakika niliyoongeza kumtuliza ilimfundisha kwamba saa kumi si kweli.

Nilianza kuhisi zile nondo za madirisha. Watu tunaozunguka tuna jambo moja, mlango, nao nilikuwa nimeupoteza bila kuona. Wakati huohuo rafiki yangu tuliyeosha naye vyombo Harare alinipigia kutoka Durban. Kulikuwa na nafasi kwenye mgahawa, naye angenishikia hadi mwisho wa mwezi. Kila asubuhi nilijiambia leo namwambia Sista naondoka. Kila jioni nilirudi nikalikuta begi palepale nyuma ya mlango.

Siku niliyomwambia mteja, nilimwambia kama utani. Nikasema Durban wanasema kuna joto, labda nitaenda kuonja. Hakulia. Alinyanyuka, akafungua droo yake, akatoa soksi ya manjano iliyofungwa fundo. Ndani kulikuwa na vidonge vyake, vile ambavyo sote tuliamini anavimeza mbele yetu. Vingi.

"Siku weye utaenda," akasema taratibu, "njo siku yangu. Lakini dada hasemake mdogo wake kwa bantu. Apa."

Nikaapa kwamba sitamwambia mtu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Niliapa kwa mama yangu.

Siku mbili nilikaa na siri ya ile soksi kifuani. Nikisema, nimemsaliti mdogo wangu, naye huenda akafanya kwa hasira. Nisiposema, nitakuwa nimemwachia vile vidonge. Nikiondoka, anakufa. Nikibaki, nabaki kwa sababu ya soksi, mwaka huu na ujao, mpaka nizeeke kwenye lile baraza. Niliosha masufuria yaliyokuwa safi. Nilikuwa nikimfuata chooni na kusimama nje nikisikiliza maji. Mpishi akasema, "Eish, sasa hatujui nani anamchunga nani."

Siku ya tatu saa moja asubuhi, kabla sijavua koti, nilimwambia Sista yote: nywele, saluni ya uongo, siku za mapumziko, soksi, kiapo. Nilingoja anifukuze. Kwa kweli nilitamani anifukuze, ungekuwa mlango. Sista alisugua miwani yake.

"Tunaenda kwake sasa," akasema. "Wewe ndiye utasema. Mbele yake, si nyuma yake."

Tulimkuta ameketi kitandani, anajipaka mafuta mikononi. Nikasimama mlangoni na kumwambia kwamba nimemwambia Sista kuhusu vidonge. Sauti yangu ilitoka ndogo. Nikasema siwezi kutunza siri inayomuua.

Alinitazama kama mtu anayemtafuta mtu mwingine nyuma yangu.

"Kumbe weye si dada," akasema. "Weye ni polisi. Unalipwa."

"Ndiyo, nalipwa," nikasema. Sijui lilitoka wapi jibu hilo.

Kisha akamgeukia Sista na kusema kwamba nilimlazimisha anisuke bure, nilimvuta mkono, nilimwibia hina. Mengine yalikuwa uongo, la kusuka lilikuwa na ukweli wake. Sista hakunitetea wala hakunishambulia. Alivuta kiti, akakaa, akamwambia kwamba hatapekua chumba chake kwa nguvu asubuhi hiyo kama yeye mwenyewe atatoa soksi, na kwamba mpaka atakapotoa, mmoja wetu atakuwa amekaa kwenye kile kiti, mlango wazi. Akamwambia pia, kwa sauti ileile, kwamba daktari ameshapigiwa.

"Na huyu?" Alinionyesha kwa kidevu. "Anaenda Durban?"

Sista akanitazama. Hakuna aliyenifundisha jibu. Nilitaka kusema siendi, siendi kamwe, maneno yalikuwa tayari mdomoni.

"Leo natoka saa kumi," nikasema. "Kesho naingia saa moja. Nikiamua kuondoka kabisa, nitakwambia mwezi mmoja kabla, hapa, Sista akiwepo."

Akacheka kicheko kibaya na kugeukia ukuta.

Nilikaa kwenye kile kiti zamu yangu yote. Saa tisa alianza kutikisa mguu. Saa kumi kasoro dakika tano akasema kwa ukuta kwamba nikitoka mlangoni nisitegemee kumkuta hai. Mwili wangu wote ukabaki kitini. Sista akaja, akasimama karibu nami, akaninong'oneza kwamba yeye anakaa mpaka usiku, na kwamba nikiongeza hata dakika moja leo, vidonge vitakuwa vimeshinda. Saa kumi nikasimama. Nikaaga. Kutoka kile chumba mpaka getini ni hatua ishirini, na nimevuka mipaka mitatu kwa miguu iliyo myepesi kuliko ile.

Turffontein sikupika. Nilikaa na simu mkononi, nikaiweka, nikaishika. Nilimpigia rafiki yangu wa Durban nikamwambia ile nafasi ampe mwingine. Akaniita mpumbavu, akauliza nimepata mume au nini. Nikamwambia hapana, nina kazi saa moja.

Asubuhi mpishi ndiye aliyenifungulia. Alikuwa na uso wa mtu aliyekosa usingizi. Akaniambia kwamba jioni, wakati wa kuosha vyombo, yule dada aliingia jikoni na mhudumu wa zamu nyuma yake, akaweka soksi ya manjano juu ya meza karibu na mkate, akasema chakula kilikuwa na chumvi, akaondoka. Mpishi hakujua ni nini mpaka Sista alipokuja kuvihesabu vidonge.

Nilimkuta barazani amevaa sweta. Nikamwamkia. Alikuwa akiangalia geti.

"Unatoka saa ngapi?" akauliza. Hakusema dada.

"Saa kumi."

Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia bei asiyoiamini, akasogeza miguu yake nipite.