Zamu ya Baba Rehema Kulala

Usiku ule nililala na barakoa usoni kwa sababu binti yangu Rehema alitandika mkeka kando ya kitanda changu na kukataa kuondoka.

Nilikuwa nimeomba upasuaji wa kupunguza tumbo. Uzito ulikuwa umenishinda, magoti yamekataa ngazi. Lakini kabla ya kunipangia siku, hospitali walinilaza na nyaya kifuani, wakanipima usingizi. Wakakuta pumzi yangu inakatika mara kwa mara nikiwa nimelala. Daktari akaniambia, "Mama, siwezi kukupa dawa ya usingizi hali ikiwa hivi. Kwanza uzoee mashine." Ni mashine ndogo, inasukuma hewa puani kupitia mpira mrefu ulioungwa na barakoa ili koo lisizibe.

Usiku wa kwanza na wa pili niliivua. Nilimwambia Rehema nafanana na mtu anayepulizia dawa mikorosho. Hakucheka.

"Mama, vaa. Baba hayupo tena wa kukuamsha."

Hapo nikaichukua barakoa. Marehemu mume wangu, Hamisi, alikuwa muoka mikate. Miaka yote ya ndoa yetu yeye ndiye aliyenitikisa bega kila pumzi ilipokwama, nami nikimgombeza kwa kunikatiza usingizi. Mchana alisinzia mbele ya tanuri, mikate ikaungua, vijana wa mtaani wakamtania kwamba mke hamwachi alale. Hakuwahi kuwaeleza.

Basi nikavaa, nikalala.

Nikajikuta nimesimama kwenye tanuri lake. Harufu ya mkate imejaa kila mahali. Hamisi amevaa aproni, mashavu yamejaa kama kabla hajaugua. Nataka kumkimbilia, na kweli nakimbia, magoti hayaumi, mpira wa mashine unaburuzika nyuma yangu katikati ya wanunuzi na hakuna anayenishangaa. Nilipomfikia hapakuwa tena na tanuri. Tuko kwenye chumba chetu cha kwanza, kile cha kupanga, kitanda cha kamba kimetandikwa shuka la harusi.

Nalala. Yeye anakaa ukingoni, mkono begani mwangu, anasikiliza kama alivyozoea. Pumzi yangu inaingia, inatoka. Anangoja ikwame. Haikwami. Anangoja tena, kichwa ameinamisha, mpaka nahisi ule mkono unakuwa mwepesi.

"Mama Rehema," anasema, "hiki kidude kinafanya kazi yangu?"

"Kinaifanya."

"Basi sogea. Nina usingizi wa miaka."

Akajinyoosha ubavuni mwangu na hapohapo akaanza kukoroma. Yeye, Hamisi! Nacheka mpaka kitanda kinatikisika. Ngoma zinalia, kuta hazipo, ni uwanja wa harusi yetu, kina mama wanacheza wakimkwepa asiamke, na mimi nimekaa ninamlinda kwa furaha ambayo sijui niiitaje. Sikuwahi kumwona akilala usiku mzima.

Nilipoanza kuhisi kwamba kunakucha, nikamwinamia. "Nimwambie nini Rehema?"

Hakufumbua macho. "Mwambie mama yake akishapungua asiivue kwa kujiamini. Angoje wampime."

Nikaamka. Jua limeshapanda ukutani. Kichwa, ambacho kwa miaka kilikuwa kikiniuma kila asubuhi, ni chepesi. Rehema alikuwa amekaa kwenye mkeka akinitazama, macho mekundu.

"Mama, umelala usiku kucha. Halafu ukacheka usingizini. Nikaogopa."

Nikaivua barakoa, nikamsimulia yote. Nilipofika kwenye kukoroma kwa baba yake alilia na kucheka kwa pamoja, nami vivyo hivyo, mpaka chai ikachelewa.

Wiki kadhaa baadaye daktari alisoma kumbukumbu za mashine, akaridhika, akanipangia siku. Nilikwenda kwenye upasuaji na mashine yangu kikapuni, na nilipozinduka wodini muuguzi mwenyewe alinivalisha barakoa. Yote yakaenda salama.

Sasa magauni yananipwaya. Majirani wananiambia, "Umekonda, ya nini tena hilo limashine? Litupe." Nawajibu nimeagizwa ningoje kipimo, na mwezi ujao nakwenda kupimwa. Wakiuliza ni daktari gani aliyeniagiza, nawaambia ni muoka mikate.