Jina la Ata Akiru Kwenye Jiwe la Kipsing

Wenzangu tuliokulia Kipsing kabla kaunti haijazaliwa, mnalikumbuka lile kanisa la madebe? Nawauliza nyinyi kwa sababu walioshika uongozi wa kanisa leo nimewauliza, na nimechoka nao.

Lilikuwa kibanda cha miti ya mgunga, kuta zake ni madebe ya mafuta ya kupikia yaliyopondwa yakawa bapa. Mengi yalitoka nyuma ya duka la baba yangu, Mmeru aliyekuja kuuza unga na sukari akakaa mpaka akazikwa huko. Ikifika saa nne kuta zinachoma mgongo, na sisi watoto tunagombania kukaa katikati, miguu imejaa vumbi, tunanuka moshi na maziwa ya mbuzi. Hapakuwa na kiti wala kinanda. Padri alitufikia baada ya miezi mingi, tena lori lake likikubali.

Aliyekuwepo kila wiki ni Ata Akiru. Ata ni bibi kwa Kiturkana, ingawa wakati huo hakuwa mzee. Tulimwita hivyo kwa sababu alituchapa kama wajukuu wake. Sala alizipata misheni mjini Isiolo akiwa msichana wa kupika na kufua, akisikiliza nje ya mlango wa darasa. Kusoma hakufundishwa kamwe. Alizishika zote kichwani akatupa sisi neno kwa neno, na ukikosea sala ya Nasadiki ulianza upya huku wenzako wako nje wanacheza bano.

"Mungu si kiziwi, Kawira," aliniambia. "Wacha kelele. Sema polepole."

Jumapili alizihesabu kwa kamba. Kila jioni fundo moja, na fundo la saba likifika, kesho yake ni kanisa. Mwaka mmoja wa mvua nyingi aliugua malaria, siku moja ikapita bila fundo, na karibu mwezi mzima tukawa tunasali Jumatatu. Baba alikuwa na kalenda ukutani pale dukani, kwa hiyo alijua. Alifunga duka Jumapili, akafunga tena Jumatatu, akavaa koti lake akaja kuimba nasi. Mama alipomuuliza, alimjibu, "Nani ataenda kumwambia? Wewe?" Hakuna aliyeenda. Ni padri aliyekuja kutukuta, na alicheka mpaka akavua miwani.

Kisha kuna ile safari ya majina. Padri alitaka orodha ya watoto wa kubatizwa, na mwaka ule watu walikuwa wanapigania malisho, njia si salama. Wanaume walikataa kumsindikiza Ata Akiru. Alitembea peke yake siku mbili hadi Isiolo mjini, ana majina yetu yote kichwani pamoja na ya wazazi wetu, akayataja moja baada ya jingine huku padri akiandika. Hakumwacha mtoto hata mmoja. Langu pia lilikuwemo.

Kwa hiyo mnielewe nikisema nina hasira. Msiniambie ni uchovu, wala msiniambie nimwachie Mungu.

Sasa tuna kanisa la mawe na vigae vya sakafuni, na spika mbili kubwa kama kabati. Ugatuzi umetuletea barabara kidogo na wanasiasa wengi. Jubilei ilipokaribia, kamati iliagiza jiwe la majina ya waanzilishi, ikaniomba niandike historia ya kanisa, kwa kuwa nafanya kazi ofisi za kaunti na wanaamini naandika vizuri. Niliandika kurasa nne, tatu zikiwa za Ata Akiru. Mwenyekiti alinirudishia zile tatu zimepigwa mistari ya wino mwekundu.

"Madam, huyu mama hana cheti. Katekista ni mtu amesomea."

"Lakini ndiye alianzisha hii kanisa."

"Kanisa ilianzishwa na mapadri. Halafu hata hiyo jiwe ya majina ni ndogo."

Eti ndogo! Lilimtosha askofu, likamtosha paroko, MCA wa wadi yetu na mkandarasi wa mabati. Likamtosha hata mke wa mkandarasi, "mlezi wa jubilei", ambaye siku ile ndiyo alikuwa anaiona Kipsing kwa mara ya kwanza.

Siku yenyewe wageni walikaa hemani. Ata Akiru, mkongwe sasa na macho yamefifia, aliketishwa juani karibu na sufuria za pilau. Vijana wa siku hizi, wenye Biblia nzima ndani ya simu na wasioweza kumaliza Nasadiki bila mtandao, walikuwa wanajipiga picha na jiwe. Nilipompitisha karibu na jiwe kumhamishia kivulini, mmoja wao alimwambia bibi wa watu, "Shosh, songa kidogo, unaharibu picha." Nilimtukana kwa Kimeru na bado sijatubu.

Ata akanishika mkono. Wiki nzima alikuwa amesikia kwamba jiwe lina majina ya walioanzisha kanisa, na alikuwa amevaa shanga zake zote.

"Kawira, nipeleke hapo. Jina yangu iko wapi?"

Enzi zetu mtoto aliyesema uongo kanisani alipigishwa magoti juu ya changarawe, na mwenye kutupigisha alikuwa yeye. Hatukuwa na jiwe lolote lenye jina la mtu, lakini Kipsing nzima ilijua ni nani aliyetufundisha kusali. Leo jiwe tunalo, linang'aa, na mimi ndimi niliyemwongoza Ata hadi mbele yake.

Nilikichukua kidole chake nikakiweka juu ya jina la mke wa mkandarasi.

"Hapa, Ata."

Alizipapasa herufi polepole, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho.

"Wameandika kubwa," alisema, akainua pindo la shuka yake akaanza kulifuta vumbi.